Nukta Nyekundu

Gita la baba lina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kingine cha toni. Pembeni ya kile cha toni kuna nukta nyekundu aliyoipaka kwa rangi ya kucha ya mama. Inaonyesha mahali kitufe kinapotakiwa kukaa: mwisho kabisa, upande wa trebo. Kijana wa kwaya akiliazima na kukishusha kidogo, baba akirudishiwa gita lake kitu cha kwanza anachotazama ni ile nukta.

Nilikuwa nauchukulia kama ukaidi wa wazee. Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Sekenke na vifaa kwenye begi, nikiwa na nia ya kulitengeneza lile gita, na nukta nyekundu ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya vitu nilivyotaka kurekebisha.

Wengi wanaijua Sekenke kwa mlima. Ukitoka Singida kwenda Nzega, ukishapita Misigiri barabara inaanza kuteremka kuelekea Shelui na mbuga ya Wembere, na madereva wa malori wanaliheshimu lile teremko. Waliosoma historia wanaijua kwa dhahabu. Wajerumani walichimba hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916, vita vilipowabana na fedha kuwaishia, dhahabu ya Sekenke ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo. Siku hizi kuna wachimbaji wadogo. Mawe yanapandishwa kutoka kwenye maduara kwa viroba, yanapelekwa kwenye makarasha, yanasagwa mpaka yanakuwa unga, kisha unga unaoshwa. Karasha ni mawe na vyuma vikigongana ndani ya chuma kutwa nzima. Baba alifanya kazi kwenye karasha la mtu mmoja pale kijijini kuanzia 2009 hadi 2021. Kelele ile ilinikuza. Nikiwa mdogo nilidhani kimya ni kitu cha Jumapili.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya gita. Baba alilinunua Mwanza mwaka 2004, mtumba, nakala ya Telecaster isiyo na jina lolote kichwani. Alikuwa mpigaji wa solo wa kwaya ya kanisa letu. Utotoni alimsikia Mbaraka Mwinshehe kwenye Radio Tanzania, na Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari kule Kenya mwaka 1979 baba alikuwa na miaka 13. Mpaka leo anaamini gita la solo lina kazi moja, kulia. Likizama chini ya rithimu na besi, anasema, heri upige makofi.

Kwa hiyo kilichonipeleka mimi nyumbani na begi la vifaa ni nini? Mvumo.

Kanisa letu liko kwenye laini moja ya umeme na makarasha mawili ya mota. Ukichomeka gita la baba kwenye amplifaya kabla hujagusa uzi wowote, spika inavuma. Kwenye mazoezi ya Jumatano, makarasha yakiwa kazini, mchungaji alilazimika kuombea juu ya ule mvumo. Mwalimu wa kwaya alikuwa amelalamika mara nyingi, na si kwa mvumo tu. Alisema gita la mzee limekuwa kali kama msumari, linawafunika soprano.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu kuchuja kelele kwenye mawimbi. Nilipomsikia mwalimu wa kwaya kwenye simu nikaona hii ni kazi yangu kabisa, tena ndogo.

Nikanunua pikapu mbili Kariakoo kwa hela ya kula ya karibu mwezi mzima. Kwetu ukisema pikapu watu wanaelewa gari la mizigo. Nilipomwambia mama kwamba nimekuja na pikapu mbili, alichungulia nje.

Pikapu ya gita ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unayumba, na ndani ya waya unazaliwa umeme kidogo sana. Amplifaya inaukuza. Kanuni yenyewe ni ileile ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, na ndiyo inayowasha taa zetu. Shida ni kwamba waya haubagui. Unapokea uzi, na unapokea pia kila mota, transfoma na taa ya tyubu iliyo karibu. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na hicho ndicho kinachovuma kwenye spika, noti nzito iliyo chini kuliko uzi mnene wa gita.

Dawa yake ina umri mkubwa kuliko baba. Mwaka 1955 mhandisi wa Gibson aitwaye Seth Lover aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili badala ya moja. Koili ya pili imezungushwa kinyume na ya kwanza, na sumaku yake pia imegeuzwa. Mvumo unaingia kwenye koili zote mbili, lakini zinautoa kwa kupingana, unafutana. Sauti ya uzi imegeuzwa mara mbili, kwa waya na kwa sumaku, hivyo inarudi upande mmoja na kujumlishana. Wenyewe wanaiita hambaka. Nilizonunua ni ndogo, zinaingia kwenye nafasi ya pikapu za koili moja bila kuchonga mbao.

Nililifungua gita juu ya meza ya chakula. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la miaka 20, na waya wa ethi uliokuwa umening'inia bila kushika kitu. Nilibandika karatasi ya shaba kwenye kuta za tundu ili izuie mvumo, nikaiunganisha na ethi. Nikatoa kitufe cha sauti cha kiloomu 250 na kuweka cha kiloomu 500, kinachofaa zaidi kwa hambaka. Kwenye toni nikatoa kapasita ya maikrofaradi 0.047 nikaweka ya 0.022.

Hapo ndipo nilipomweleza baba jambo nililodhani litamfurahisha. Kitufe cha toni hakiongezi chochote. Kazi yake ni kupunguza tu: kinafungulia trebo njia ya kupita kwenye kapasita na kukimbilia ethi. Ukikizungusha hadi mwisho, unachofanya ni kuifunga njia hiyo kadiri inavyowezekana.

"Kwa hiyo pale kwenye nukta hakuna zaidi," alisema.

"Hakuna, baba."

Alinyamaza. Nikadhani anawaza fizikia.

Chuma changu cha kulehemia kilikuwa kidogo, hakikuweza kupasha moto bamba la ethi. Nikaenda kuazima kikubwa kwa fundi anayesuka mota za makarasha. Alikuwa amekaa katikati ya waya za shaba, anatoa koili iliyoungua. Nilimwonyesha pikapu ya zamani. Aliigeuzageuza, akasema hii ni mota isiyozunguka. Yuko sahihi. Mota inapewa umeme ili itoe mwendo, pikapu inapewa mwendo ili itoe umeme. Alinipa chuma chake na kukataa hela.

Jumamosi ilikuwa mazoezi ya Krismasi. Niliwahi kanisani, nikachomeka gita, nikawasha amplifaya. Kimya. Makarasha yalikuwa yanasaga kule chini na spika haikutoa hata mkwaruzo. Nilipiga uzi mmoja, sauti ikatoka nene na laini. Mwalimu wa kwaya alinishika mkono. "Dada, umetuokoa," alisema.

Baba aliingia, akavaa gita, akasikiliza. Akagonga waya wa amplifaya kwa mguu. Akaongeza sauti. Akasikiliza tena, akaongeza tena. Mimi nilikuwa naongea na waimbaji, sikuangalia vizuri. Wimbo ulipoanza na zamu ya solo ikafika, lile gita lilipasuka kanisani kwa nguvu kiasi kwamba mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake aliangua kilio. Kwaya ilisimama. Vijana walicheka, si kwa ubaya.

Baba alilivua gita taratibu akaliegemeza ukutani.

"Limekufa," alisema. "Limefunikwa blanketi."

Nilimjibu vibaya. Sikumtukana, lakini kwetu kuna namna ya kumweleza mzazi jambo mbele za watu, na mimi nilitumia namna ya darasani. Nilimwambia hiyo ndiyo sauti nzuri, kwamba alichokizoea kilikuwa kelele, na kwamba kila mtu pale ndani amesikia tofauti. Alinitazama usoni muda wote nikiongea, kisha akasema, "Haya, mama," akatoka.

Siku iliyofuata, jioni, nilirudisha chuma cha fundi. Nikamsimulia huku nikijitetea. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "mzee si hasikii?"

Nikamwambia baba anasikia, tunaongea kila siku.

"Anakuangalia mdomo. Sisi wote tunaoishi na haya madude tuko hivyo. Mimi sikio la kushoto limebaki jina. Hukujua?"

Nilitembea kurudi nyumbani nikihesabu. Asubuhi ya juzi yake nilikuwa jikoni nikamuuliza chumvi iko wapi, akanijibu kwamba ndiyo, vumbi limezidi mwaka huu. Nilicheka nikidhani ananitania. Na simu. Kwa miaka mitatu kila nikimpigia baba kutoka Dar alikuwa anaongea dakika moja, kisha anasema mtandao mbaya, ngoja nimpe mama yako. Kwa miaka mitatu nililaumu mtandao wa simu. Mama alikuwa anajua. Mdogo wangu alikuwa anajua. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, na mimi ninayesomea mawimbi ndiye sikujua, kwa sababu nilikuwa nakuja siku kumi kwa mwaka na nilikuwa naongea sana.

Kuna jambo nililolisoma chuoni nikalifaulu kwenye mtihani. Kelele ya kazini ikifika desibeli 85 kwa saa nane kwa siku, masikio yanaanza kuhesabiwa kuwa hatarini. Ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele vidogo sana vinavyotikiswa na sauti. Zikifa hazioti tena. Na haziharibiki kwa usawa. Zinazotangulia ni zile za karibu na hezi 4,000. Sauti nzito zinabaki, hivyo mtu anasikia kwamba unaongea. Kinachopotea ni s, f, ch, t, yaani makali ya maneno, na ndiyo maana anasikia sauti yako asijue umesema chumvi au vumbi.

Sasa weka gita hapo. Pikapu ya koili moja, kama zile za zamani za baba, mara nyingi inang'aa zaidi mahali fulani kati ya hezi 3,000 na 5,000. Makali ya gita la solo yanaishi palepale ambapo karasha lilipita. Hambaka inang'aa chini zaidi, ndiyo maana watu wanasema ina sauti ya joto. Kwa hiyo baba alikuwa anapoteza trebo kidogo kidogo, na kila mwaka alikuwa anaifuata, kwanza kwa kitufe cha toni mpaka kikaisha, kisha kwa amplifaya. Waimbaji walisikia msumari. Yeye alisikia gita. Mimi nilikuja na pikapu za hela ya kula na nikamnyang'anya kipande kilichokuwa kimebaki. Hata mvumo nilimnyang'anya. Mvumo ni sauti nzito, aliusikia vizuri, na ndio uliokuwa unamwambia kwamba gita liko macho na sauti imefika kiasi gani. Bila mvumo aliongeza sauti gizani.

Usiku huo nilimwomba msamaha. Kisha nikamuuliza kama ninaweza kujaribu kitu. Kwenye kompyuta yangu nina programu ya kutoa toni moja moja, naitumia kupima saketi. Nilimvisha hedifoni, nikamwambia anyooshe kidole kila akisikia. Si kipimo cha hospitali, na nilimwambia hivyo.

Hezi 500, kidole juu. 1,000, juu. 2,000, juu. Kwenye 3,000 kilichelewa. Nikaenda 4,000. Baba alikaa wima, kidole tayari, macho kwangu, anasubiri. Nikaongeza. Nikaongeza tena, mpaka mimi niliyekaa mbali naye hatua mbili nikaisikia ile toni ikivuja kutoka kwenye masikio ya baba yangu kama mluzi.

"Weka basi," akasema.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ugali. Aliusikia mluzi. Akaniangalia, akaangalia chini.

Nikazima. Nikamwambia baba kwamba nilikuwa nimeshaweka. Alivua hedifoni akazishika mapajani.

"Kumbe," alisema baada ya muda. "Nilidhani vijana wameacha kupiga kayamba."

Sijui nieleze vipi sentensi hiyo ilivyonikaa. Kwaya yetu haijawahi kuacha kayamba.

Kesho yake tulilifungua gita tena, safari hii wawili. Hambaka hizi zina waya nne, na mahali koili mbili zinapoungana unaweza kuweka swichi. Ukiifunga, ile sehemu ya kati inapelekwa ethi, koili moja inatoka kazini, na pikapu inabaki ya koili moja: kali zaidi, ndogo zaidi, na yenye mvumo. Fundi wa mota alitupa swichi ndogo kutoka kwenye redio mbovu, akatoboa tundu kwenye bamba la vitufe kwa mkono thabiti kuliko wangu. Baba alishika tochi. Tuliihamisha pia amplifaya. Miaka yote ilikuwa nyuma yake ikiwapigia waimbaji kisogoni. Tukaiweka mbele, imeinama, inamtazama yeye kifuani.

Alipopandisha swichi, mvumo ulirudi. Mwalimu wa kwaya alikunja uso. Baba alitikisa kichwa kukubali, akashusha sauti mwenyewe bila kuambiwa, akapiga. Si kama zamani. Yeye mwenyewe alisema si kama zamani. Lakini aliingia kwa wakati na alitoka kwa wakati. Wakati wa maombi alishusha swichi, spika ikanyamaza, na nadhani mchungaji aliomba kwa muda mrefu zaidi siku ile.

Kwenye utafiti wangu neno kelele lina maana moja: ni kila kisichotakiwa kwenye wimbi. Nilikuwa sijawahi kuuliza nani anayetaka. Hilo nimelirekebisha kichwani. Lakini nisidanganye kwamba swichi imetengeneza masikio. Kinachomsaidia baba ni kupimwa na, ikibidi, kuvaa kifaa cha kusaidia kusikia. Na gita lenyewe likipigwa kwa sauti kubwa karibu naye linaweza kula kilichobaki. Nimemwambia. Ameahidi kwenda Singida mjini kupimwa tukishavuna. Nampigia simu kwa video sasa, ili aone mdomo wangu, na naongea polepole. Anasema mtandao umekuwa mzuri.

Amepaka nukta ya pili, pembeni ya swichi, upande wa juu.

Kuna jambo moja zaidi. Mdogo wangu ana miaka 20, na tangu Juni anafanya kazi kwenye karasha, lilelile la baba. Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda Kariakoo tena, na safari hii sikununua pikapu. Nilinunua viziba masikio, vile vikubwa vya kufunika sikio zima, nikavituma kwa basi mpaka Shelui. Picha ya kwanza aliyonitumia alikuwa amevivaa shingoni kama msanii wa bongofleva, anacheka.

Kila Jumatano namuuliza. Kila Jumatano ananijibu kwa ujumbe wa sauti kutoka kazini, anapaza sauti kwamba dada, nimevaa. Nyuma yake karasha linasikika vizuri kuliko yeye. Nausikiliza ule ujumbe mara mbili, ya pili nikiongeza trebo.